Charles Stent: Daktari wa meno ambaye jina lake limeingia mioyoni mwa watu

UKIPITA katika wodi ya wagonjwa wa moyo kwenye hospitali kubwa, iwe Dar es Salaam, Nairobi au ng'ambo, utasikia madaktari wakitaja neno stenti. Hicho ni kibomba kidogo cha wavu wa chuma kinachoingizwa ndani ya mshipa wa damu ulioziba ili mshipa huo ubaki wazi. Wapo watu wanaotembea na kibomba hicho kifuani mwao, lakini ni wachache mno wanaojua kwamba neno hilo ni jina la ukoo wa mtu. Na mtu mwenyewe wala hakuwa bingwa wa moyo. Alikuwa daktari wa meno mjini London, na alichokitengeneza kilikuwa kitu cha kuchukulia kipimo cha kinywa cha mtu anayetaka meno ya bandia.

Leo nataka kuwasimulia maisha ya mzee huyo, Charles Thomas Stent. Nina sababu ya kumchagua. Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia, na kwa miaka niliyoifanya mjini Lilongwe wateja wangu wengi wamekuwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wakazi wa kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, wanaojiandaa kurudi kwao Kongo, Burundi au Rwanda. Wa pili ni wafanyabiashara wanaopita mpaka wa Songwe na Kasumulu na mizigo yao. Mwenye ofisi pale Capital Hill, meno yakimbana, hurudi kwa fundi wake kesho yake asubuhi yakapunguzwa. Lakini mama aliyekwisha panda basi la kwenda Mbeya, au aliyekwisha vuka Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie, hawezi kurudi kwa ajili ya kidonda cha ufizi. Huyo ana nafasi moja tu, na nafasi hiyo huharibika au hufaulu siku ya kipimo. Ndiyo maana habari za Stent zinamhusu.

ENZI ZA MENO YA KIBOKO

Stent alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1807 huko Brighton, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza. Mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa katika himaya yake.

Alikulia katika dunia ambayo meno bandia yalikuwa mali ya matajiri. Yalichongwa kutoka kwenye pembe za ndovu na hasa meno ya kiboko, ambayo hayageuki rangi upesi kama pembe. Bidhaa hiyo ilitoka huku kwetu Afrika, na Unguja ilikuwa moja ya bandari zilizoisafirisha. Wengine waliopenda sura ya asili walipachikiwa meno halisi ya binadamu. Baada ya vita vya Waterloo vya mwaka 1815, meno ya askari waliouawa yaling'olewa na kuuzwa, hata yakabaki na jina la meno ya Waterloo.

Uzuri wa meno hayo haukutosha. Fundi alichonga kipande cha mfupa kwa kubahatisha umbo la ufizi, akakijaribisha kinywani, akakitoa, akachonga tena. Kila palipogusa pasipotakiwa palitoa damu. Watu wengi waliyavaa meno yao barazani mbele ya wageni na kuyavua wakati wa kula, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha kazi ya meno.

Njia nyingine ilikuwa imekwisha kuonyeshwa. Mwaka 1756 Philipp Pfaff wa Berlin, aliyekuwa daktari wa meno wa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, aliandika jinsi ya kubonyeza nta kinywani kwa vipande viwili, kuviunganisha, kisha kumimina plasta ndani yake. Plasta ikikauka, fundi anabaki na sanamu ya ufizi mezani mwake. Anaweza kufanya kazi usiku kucha bila kumsumbua mgonjwa.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo linatusumbua mpaka leo: ni kitu gani kiwekwe kinywani ili kichukue umbo la kweli?

Nta ilikuwa dhaifu. Ilipotolewa ilipinda, na ilipopoa ilibadilika. Miaka ya 1840 madaktari wa Marekani walianza kutumia plasta yenyewe, kama ile ya kufungia mfupa uliovunjika. Plasta ilinakili vizuri sana, lakini ikishakuwa ngumu haiwezi kupinda, hivyo palipokuwa na meno yaliyobaki ilibidi ivunjwe vipandevipande kinywani na kuunganishwa upya nje. Kisha mwaka 1847 Edwin Truman wa Uingereza akaleta gutapecha, utomvu wa mti wa nchi za Malaya. Ni utomvu uleule uliofunika nyaya za simu za chini ya bahari, kama waya uliofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879. Gutapecha hulainika kwenye maji ya moto na kukaza inapopoa. Ubaya wake ni kwamba ilisinyaa ikipoa na kuvutika ilipokuwa inatolewa.

MCHANGANYIKO WA MWAKA 1856

Wakati huo Stent alikuwa daktari wa meno mjini London, na umri wake ulikuwa unakaribia miaka 50. Jambo jingine lilikuwa limetokea Marekani. Mwaka 1851 Nelson Goodyear alipata hati ya kumiliki utengenezaji wa mpira mgumu, na muda si mrefu mpira huo, ulioitwa vulkanaiti, ukaanza kutengenezewa meno bandia. Ulikuwa rahisi kuliko dhahabu na kuliko jino la kiboko. Kwa mara ya kwanza karani na mwenye duka dogo waliweza kuota kuwa na meno.

Lakini vulkanaiti haichongwi kwa kujaribisha. Huundwa juu ya sanamu ya plasta, na kosa lililomo kwenye kipimo huhamia kwenye sanamu, kutoka kwenye sanamu likahamia kwenye meno, na kutoka hapo likaishia kwenye ufizi wa aliyelipa. Kipimo kibaya hakikuwa tena usumbufu wa fundi. Kilikuwa hasara ya mteja.

Mwaka 1856 Stent alishughulika na udhaifu wa gutapecha, mmoja baada ya mwingine. Ili ilainike vizuri zaidi na itulie inapopoa, alitia stearini, mafuta magumu yatokanayo na shahamu, yaleyale yaliyotengenezewa mishumaa. Ili iwe na mwili na isiwe tepetepe, alitia talki, jiwe laini linalosagwa kuwa poda, ambalo wengi tunalifahamu kwa poda za mwilini. Mwisho akatia rangi nyekundu.

Hakuna kimoja kati ya vitu hivyo alichokigundua yeye. Vyote vilikuwa madukani. Alichofanya ni kuujua ugonjwa wa kila kitu na dawa yake, akapata donge linalolainika kwenye maji ya moto, linalobonyea kinywani bila kumwagika, na linalokuwa gumu likipozwa kwa maji baridi. Donge hilo likaitwa kwa jina lake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, David Livingstone alifika kwenye ziwa ambalo leo tunaliita Ziwa Malawi.

Stent alifanya biashara hiyo pamoja na wanawe wawili waliofuata kazi ya baba yao, Charles Robert, aliyezaliwa mwaka 1845, na Arthur Howard, aliyezaliwa mwaka 1849. Kampuni yao ilikuwa katika mtaa wa Coventry, London. Mzee alifariki dunia mwaka 1885, mwaka uleule ulipomalizika mkutano wa Berlin wa kuigawana Afrika. Arthur alifariki mwaka 1900, na kaka yake akamfuata mwaka 1901. Haki za kutengeneza donge lile zilinunuliwa na kampuni maarufu ya vifaa vya meno ya Claudius Ash, na kampuni hiyo haikulibadilisha jina.

JINA LASAFIRI

Uamuzi huo wa kutobadilisha jina ndio uliomfikisha Stent mahali ambapo hakupata kuota. Katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari wa upasuaji wa Kiholanzi, Johannes Esser, alikuwa akiwatibu askari walioharibiwa nyuso kwa risasi na vipande vya mabomu. Alihitaji kupandikiza ngozi ndani ya mashimo ya vidonda, na ngozi ile ilikuwa ikiteleza kabla haijashika. Esser alichukua donge la Stent likiwa laini, akalibonyeza ndani ya kidonda ili lipate umbo lake, likakaza, akalizungushia ngozi nyembamba na kulirudisha mahali pake. Ngozi ikakaa imebanwa pande zote mpaka ikashika. Aliiandika njia hiyo mwaka 1917, na daktari Harold Gillies, aliyeongoza kazi kama hiyo Uingereza, akaieleza katika kitabu chake cha mwaka 1920.

Tangu hapo madaktari wa upasuaji wakazoea kuita stenti kitu chochote kinachoshikilia nyama ya mwili ikae katika umbo lake. Mwaka 1954 jina hilo lilitumika kwa kibomba cha plastiki kilichowekwa kwenye njia ya nyongo ya mbwa wa majaribio. Mwaka 1969 Charles Dotter wa Marekani aliweka vibomba vya waya ndani ya mishipa ya damu ya mbwa, na mwaka 1986 Jacques Puel na Ulrich Sigwart waliviingiza kwenye mishipa ya moyo ya binadamu. Jina la mtu wa Brighton likawa limefika moyoni.

Ninachotaka ukione hapa, msomaji, ni akili ya Esser. Hakuuliza donge lile ni la idara gani. Aliuliza linafanya nini: linalainika, linachukua umbo, linakaza, linashikilia. Kazi yake ilihitaji mambo hayohayo. Kitu huchaguliwa kwa kazi, na hapo ndipo wateja wetu wengi wanapoumia.

KILA KAZI NA KITU CHAKE

Watu wengi wakikaa kwenye kiti hudhani vile vitu laini vinavyowekwa kwenye trei ni namna moja, kwamba tofauti ni rangi na ladha tu. Sivyo hata kidogo.

Tuanze na mtu asiyekuwa na jino hata moja. Huyo bado anafaa kuchukuliwa kipimo cha kwanza kwa donge la ukoo wa Stent, ingawa michanganyiko ya leo si ileile ya mwaka 1856. Mingine hutiwa sandarusi na nta. Hulainishwa kwenye maji ya joto la nyuzi 55 hadi 60, na halimuunguzi mgonjwa akishughulikiwa na mwenye ujuzi, kwa kuwa hupitisha joto polepole. Ni zito, husukuma mashavu na midomo na kuonyesha mahali ufizi unapoishia. Likikosea upande mmoja, hupashwa moto upande huo na kurekebishwa. Lakini halinakili vitu vidogovidogo.

Kwa hiyo kipimo hicho hutumika kutengenezea trei ya mgonjwa huyo mwenyewe, kisha huchukuliwa kipimo cha pili kwa kitu chepesi. Kilichozoeleka ni uji wa oksidi ya zinki na yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, ndiyo maana kinywa hunukia kama ghala la Pemba. Huwasha kidogo, lakini hunakili kila kijikunjo cha ufizi. Basi ukiwa huna meno kabisa, na fundi akataka kukutengenezea meno kwa kipimo kimoja tu cha dakika tano, muulize kwa adabu kama hakuna cha pili.

Mwenye ufizi uliolegea, unaocheza kama sikio, ana shida yake. Ukiubonyeza kwa donge zito unalala upande, na meno yatakayotengenezwa yatakuwa ya ufizi uliolala. Huyo anahitaji kitu kinachotiririka bila kusukuma. Plasta ile ya zamani bado inajua kazi hiyo, na siku hizi ziko pia silikoni nyepesi sana.

Sasa tuje kwa mtu aliyebakiwa na meno kadhaa anayetaka kujaziwa mapengo. Kwake donge la Stent ni adui. Jino lina tumbo na chini yake pamebonyea. Kitu kilichokuwa kigumu chini ya lile tumbo hakitoki kwa salama. Ama kipimo kitaharibika, ama jino linalolegea litavutwa. Huyu anahitaji kitu kinachovutika na kurudi, na cha bei nafuu ni aljineti. Hiyo ni poda inayotokana na mwani wa rangi ya kahawia wa bahari za baridi, si ule unaolimwa Paje. Ilishika kasi miaka ya 1940, pale vita vilipozuia kitu kingine cha mwani kilichokuwa kikitoka Japani. Huchanganywa na maji na kuganda kwa dakika chache. Hutumika pia kwa sanamu za uchunguzi, waya za kunyoosha meno na vikinga meno vya wachezaji.

Lakini aljineti ina tabia ambayo mtu wa safari lazima aijue. Sehemu yake kubwa ni maji. Ikiachwa hewani hukauka na kusinyaa, na ikilowekwa hunywa maji na kuvimba. Aljineti ya kawaida inapaswa kumiminiwa plasta ndani ya nusu saa hivi, nayo ikisubiri ifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko.

Nilipata kupokea mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge aliyechukuliwa kipimo mji mwingine, akapewa trei na kilichomo, akaambiwa atafute fundi mbele ya safari. Alikuwa ameifunga vizuri kwenye gazeti, akaibeba siku mbili ndani ya basi kama anavyobeba mayai. Aliponifungulia, kilikuwa kimesinyaa na kujitenga na trei. Alinisihi nifanye hivyohivyo kwa sababu basi lake liliondoka alfajiri. Nilimweleza kwamba meno ya kipimo kile yangekuwa ya mtu mwingine mdogo kuliko yeye. Tulichukua kipimo upya jioni ile, tukamimina plasta palepale, naye akaondoka na sanamu ngumu ndani ya kopo la unga. Sanamu ya plasta husafiri. Aljineti ya kawaida haisafiri.

Mwisho ni mwenye jino la kuvikwa kofia, au daraja la meno ya kudumu. Hapo nafasi ya unene wa unywele ni kubwa mno, maana mate na uchafu vitapita na jino litaoza chini ya kofia. Kazi hiyo inataka silikoni zile za kundi bora zilizoingia sokoni miaka ya 1970, au polietha iliyoanza miaka ya 1960. Ni ghali kuliko aljineti, lakini silikoni hiyo hukaa siku nyingi bila kubadilika na inaweza kusafirishwa hadi maabara ya mji mwingine. Polietha pia hudumu ikiwekwa pakavu, ila ni ngumu kutoa, haimfai mwenye meno yanayocheza.

Je, cha ghali ndicho bora kwa kila mtu? Hapana. Asiye na meno anaweza kupata meno mazuri kwa donge na karafuu. Mwenye kuvikwa kofia akipimwa kwa aljineti kwa ajili ya kupunguziwa bei, atalipa mara ya pili.

Kwa hiyo wewe uliyekwisha panga tarehe ya kurudi nyumbani, au unayesubiri mzigo wako uvuke Songwe, usiende kwa daktari siku moja kabla ya safari. Kabla trei haijaingia kinywani, uliza mambo matatu: kitu hiki kinaitwaje, kinafaa kwa kazi yangu kwa sababu gani, na plasta itamiminwa saa ngapi? Anayejua kazi yake hatakasirika. Na kama meno yatamalizwa nchi nyingine, omba sanamu yako ya plasta, uifunge kwa nguo laini na kuiweka mbali na maji.

Charles Stent alipata jina kwa kuuliza swali hilohilo mbele ya donge la gutapecha: kinashindwa wapi, na kazi inataka nini? Wewe huhitaji kuwa daktari ili uulize. Kinywa ni chako, na nauli ya kurudi ni yako.